Kwa Wifi Verediana, Kuhusu Siku Ile ya Muhazi

Wifi Verediana,

Natumaini huko uliko kuna chungu cha mtu unachoweza kukiongezea chumvi bila kuulizwa. Mimi sijambo. Kaka yako Damasi naye hajambo, ila magoti yamemchoka. Lori aliliacha miaka mingi iliyopita, na siku hizi anashinda akifungua redio ambazo hazijaharibika.

Nimekaa mezani tangu asubuhi. Nilitaka kukuandikia habari moja tu, nitaifikia mwishoni, lakini kila nikishika kalamu najikuta niko Muhazi, mikono imelowa, na wewe umepiga magoti mbele yangu ndani ya mtumbwi. Basi acha nianzie huko.

Ulikuja kwetu Kabuga, nje kidogo ya Kigali, mwaka wa tisini na mbili, ukiwa na mifuko miwili, mmoja wa nguo na mmoja wa ndagala, dagaa wakavu wa kwenu Rumonge, Burundi. Mumeo alikuwa amekufa maji huko ziwa Tanganyika na wakwe zako walikuwa wameichukua nyumba. Damasi aliniambia, "Ni wiki chache tu." Mwaka ukapita. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na miwili, binti wa Ngara aliyefuata dereva wa lori kwa mapenzi, na nilikuwa nimeota nyumba yangu, jiko langu, mlango wangu wa kufunga. Nyumba ilikuwa na vyumba viwili. Kimoja chetu, na kingine chako pamoja na ndagala zako.

Nilikuwa mwepesi wa kukasirika, wifi. Kirundi chako na Kihangaza changu cha Ngara vilikaribiana sana, lakini tulipogombana tuligombana kwa Kiswahili, kila mmoja kwa cha kwake. Wewe ulisema "weye", nami nikakusahihisha, "Sema wewe." Nilikusahihisha hata sokoni, mbele ya wateja wako. Ulifunga ndagala kwenye gazeti, ukampa mteja nyongeza, ukaendelea.

Unamkumbuka Mzee Sebastiani, mwenye duka la nafaka na pikapu ya bluu? Alikuja kwenye meza yako mwaka wa tisini na tatu, siku chache baada ya mkataba wa amani kutiwa saini kule Arusha. Watu walikuwa wamechoka na vita ya kaskazini, kila mtu alitaka kuamini kwamba imekwisha. Akakuuliza, "Mama Vere, wewe iko unajua samaki?"

"Si unaona nawauza?"

"Siulizi kuuza. Kuvua."

Uliweka kisu chini. "Nilivua nikiwa na meno ya utoto."

Akatueleza. Wenye pesa wa mjini, Wazungu na wafanyabiashara, walikuwa na klabu yao, na walikuwa wameandaa mashindano ya kuvua kwa ndoano katika ziwa Muhazi. Siku moja tu, kila chombo watu wawili. Atakayeleta samaki mzito kuliko wote angepewa faranga laki tano. Nakumbuka jinsi alivyotamka "laki tano", polepole, kama mtu anayeonja asali. Kiingilio alikuwa amekwishalipa, lakini marafiki zake wawili waliotakiwa kuvua waliogopa barabara na vizuizi vya askari, wakajitoa.

"Nimesoma masharti mara mbili," alisema. "Hakuna mahali wameandika kwamba wanawake ni marufuku. Mkishinda, nusu yangu, nusu yenu."

Ulikataa. Ulisema mambo ya ziwa umeyaacha Rumonge. Mimi ndiye niliyekubembeleza. Nilikubembeleza siku tatu, nikakupikia maharage kama unavyoyapenda, nikaacha uyatie chumvi. Damasi aliona ajabu. Alidhani tumeanza kupendana.

Ukweli wenyewe ulikuwa huu: Damasi alikuwa amenitajia kiwanja kule Niboye chenye nyumba ndogo, kinauzwa. Nilipiga hesabu zangu kichwani, nikaona sehemu yetu ya zile pesa inakitosha. Ungehamia huko na mifuko yako miwili. Ndiyo sababu niliacha kazi zangu nikajifunza kupiga kasia, mimi niliyeogopa hata maji ya mtoni.

Jumapili mbili baada ya misa, Mzee Sebastiani alitupeleka Muhazi tukafanye mazoezi. Ulikuwa umezoea mshipi wa mkono. Fimbo ile ya kizungu yenye kigurudumu cha kukunjia mshipi uliigeuzageuza kama mtu aliyepewa mwavuli siku ya jua. Jumapili ya pili ulikuwa unairusha vizuri kuliko mwenye pikapu. Halafu ukaketi ukatazama maji kwa muda mrefu, bila kuvua, na nilipokuuliza unatazama nini ulisema, "Nauliza wanakula wapi."

Siku ya mashindano tuliwakuta kando ya ziwa wenye kofia pana, viti vya kukunja, masanduku ya vinywaji na boti za injini. Mtumbwi wetu ulikuwa wa mbao, wa kukodi kwa wenyeji. Bwana mmoja aliyevaa miwani ya jua alituuliza kwa Kinyarwanda kama sisi ndio tuliotumwa kuleta chakula cha mchana. Watu wakacheka. Wewe ukamwambia, "Chakula tutaleta saa kumi. Andaa chungu." Wakacheka zaidi, lakini safari hii walikuwa wanamcheka yeye.

Karani wa klabu alitusomea masharti kwa Kifaransa, kisha kwa Kinyarwanda. Nayakumbuka kwa sababu ya yaliyofuata. Samaki avuliwe kwa ndoano. Aliyeanza naye ndiye amalize naye. Mwenzake anaruhusiwa kupiga kasia na kushika wavu, haruhusiwi kugusa fimbo wala mshipi.

Boti za injini zikakimbilia katikati, kwenye kina. Sisi tulipiga kasia tukifuata ukingo, mpaka mahali ambapo mafunjo yanaingia majini na maji yana rangi ya chai. Nikakwambia tumebaki peke yetu huku nyuma.

"Waache waende," ulisema. "Kambale hapendi kelele."

Ukafungua kopo la chambo. Utumbo wa kuku, umekaa siku tatu. Nilitapika pembeni ya mtumbwi na wewe ukanishika mgongo kwa mkono mmoja huku ukitia chambo ndoanoni kwa mkono mwingine. "Vizuri," ulisema. "Sasa tumewawekea na supu."

Mpaka saa saba tulikuwa na kambale wawili wadogo, ukawarudisha majini. Saa nane hatukuwa na kitu. Nilikuwa nimeungua na jua, nimechoka, nikaanza kusema turudi. Ulikuwa umeweka kidole kwenye mshipi kama mtu anayepima mapigo ya mgonjwa.

Halafu fimbo ikapinda.

Sitasahau sauti ya kile kigurudumu. Ulisimama, ukavutwa, ukapiga magoti. Mtumbwi ulianza kwenda wenyewe, tukivutwa na kitu tusichokiona, na mafunjo yakitupiga usoni. Uliongea naye kwa Kirundi muda wote, kwa sauti ya chini, kama unambembeleza mtoto aoge. Ulimpa mshipi, ukamnyang'anya, ukampa tena. Sijui ni dakika ngapi. Mara alijitokeza, kichwa kipana kama jembe, masharubu, na nikapiga kelele kwa woga.

Akazama kwa nguvu zake zote. Goti lako likateleza kwenye ule utumbo, kifua chako kikapita ukingo wa mtumbwi, maji yakaanza kuingia. Sikufikiri. Niliacha kasia, nikakukumbatia kiunoni kwa mkono mmoja na kwa mkono mwingine nikaishika fimbo, juu ya mikono yako. Tukavuta pamoja. Ilikuwa pumzi kumi, labda kumi na tano. Ulipopata tena nafasi ya kukaa ulisema, "Achia," nami nikaachia. Ukamalizana naye mwenyewe. Nikatia wavu.

Alipolala ndani ya mtumbwi alichukua nafasi kama mtu. Tulitazamana tukaanza kucheka, tukacheka mpaka nikalia. Nadhani ndiyo mara ya kwanza kucheka pamoja, wewe na mimi, katika mwaka mzima.

Wakati tunarudi nilitazama nyuma. Mafunjo yalikuwa yametuficha kote. Nikasema, "Wifi, hakuna aliyeona."

Ulikuwa unanawa mikono ziwani. Uliendelea kunawa. Nikachukua kimya chako kuwa ndiyo.

Kwenye mizani walikusanyika wote. Mkubwa kuliko wote mpaka wakati huo alikuwa na kilo kumi na nne, wa yule bwana wa miwani. Wetu alifika kilo kumi na tisa na kitu. Mzee Sebastiani alirusha kofia juu, akacheza peke yake pale kwenye nyasi. Wapishi wa klabu waliacha majiko yao wakaja kupiga makofi. Mwamuzi, mzee mmoja wa Kizungu, mpole, alikupa mkono na kukuletea karatasi utie sahihi.

Uliishika ile karatasi. Hukujua Kifaransa. "Inasemaje?" ulimuuliza karani.

"Inasema umevua samaki huyu kwa mikono yako tu, hakuna aliyekusaidia fimbo. Kawaida tu. Tia sahihi hapa, Mama."

"Nikitia sahihi, itakuwa ni mimi nimesema?"

"Ndiyo, Mama. Wewe."

Ukanitazama. Nilitikisa kichwa, kidogo sana, nikimaanisha usiseme. Mzee Sebastiani naye aliona kuna jambo, akasogea, akakunong'oneza, "Andika tu, Mama Vere. Iko laki tano hapo."

Ukaiweka kalamu juu ya meza. Ukasema kwa sauti ya kawaida kabisa, ile unayomtajia mteja bei, "Wifi yangu alishika fimbo. Nilikuwa naanguka, akaishika. Andikeni hivyo."

Karani hakutafsiri mara moja. Alikuuliza tena, na ukasema tena. Mwamuzi alipoelewa alivua kofia, akaenda pembeni na wenzake. Waliongea muda mrefu. Aliporudi alisema kupitia karani kwamba anasikitika kuliko siku yoyote ya maisha yake ya uvuvi, na kwamba sheria ni sheria. Samaki ni wenu, alisema, zawadi siyo.

Yule bwana wa miwani alipewa bahasha. Namtendea haki nikisema kwamba hakucheka tena. Alikuja akasimama mbele yako, akavua miwani, kisha akaondoka. Mzee Sebastiani aliwasha pikapu bila kututazama, akatuacha pale ziwani na samaki wetu.

Tulimfunga kwenye kitenge chako, tukapitisha mti, tukambeba begani, wewe mbele mimi nyuma, kupanda kilima kwenda barabara kubwa. Nilikuwa nimejaa hasira mpaka masikio yanavuma. Katikati ya mikaratusi nilishindwa. Nikatupa upande wangu wa mti chini.

Nilikwambia yote. Kwamba ulikuwa umeshika nyumba mkononi ukaitupa. Kwamba nilijifunza kasia kwa ajili yako. Halafu nikasema na lile la mwisho: kwamba nilitaka upate pesa zile ili uondoke nyumbani kwangu, kwamba sikuwa na sababu nyingine, sikuwahi kuwa nayo.

Uliketi kwenye ukingo wa njia. Ulivua viatu, ukakung'uta mchanga, kimoja kimoja.

"Nilijua," ulisema. "Ukuta wenu ni wa udongo, mke wetu. Nasikia kila unachomwambia Damasi. Na weye ulifikiri mimi napenda kulala na ndagala? Nilizitaka zile pesa kuliko weye."

"Sasa kwa nini?"

Uliokota jani la mkaratusi, ukalikunja.

"Mume wangu walikuwa wawili ndani ya mtumbwi," ulisema. "Yeye na rafiki yake. Ziwa lilikuwa tulivu. Rafiki yake alirudi peke yake, akasema hakuona kitu, alikuwa amelala. Nilimwendea kila siku, miezi minane. Nilimwambia, sitakushitaki, sitakulaani, niambie tu ilikuwaje. Akasema alikuwa amelala. Mpaka leo ndivyo anavyosema." Ulivaa viatu. "Pale mezani nilipoona wanataka nitie sahihi, nilimwona yeye. Sikuweza. Nisamehe. Najua ilikuwa pesa yako pia."

Nilirudi nikaokota upande wangu wa mti, ukaokota wako, tukaendelea kupanda.

Kabuga walitupokea kwa vigelegele, maana habari zilikuwa zimetutangulia na pikapu, na kila mtu alikuwa na maoni. Wengine walisema wewe ni mjinga, wengine walisema mtakatifu, na wote walikula. Tulimkatakata uani, tukagawa nyumba kwa nyumba mpaka kichwa kikabaki. Kichwa ulinipa mimi. Jioni ile nilikuachia chungu, nikakaa pembeni nikatazama unavyofanya. Ulitia chumvi mara tatu. Alikuwa mtamu.

Baada ya hapo tuliishi miezi saba, nami nikihesabu maisha yangu naanza kuihesabu hiyo kwanza. Ulinifundisha kushona mikeka. Nilikufundisha kusoma masharti ya Kifaransa kwa kutumia gazeti la zamani, ingawa na mimi nilikuwa nakisia. Nilianza kusema "weye" bila kujua, Damasi akatucheka wote wawili. Alipokuwa safarini nilihamishia godoro langu chumbani kwako, tukaongea katikati ya harufu ya ndagala mpaka mmoja alale.

Mwishoni mwa Machi mwaka wa tisini na nne nilipata habari kwamba mama anaumwa kule Ngara. Damasi alikuwa anapeleka mzigo Dar es Salaam, angenipitisha. Nilitaka twende wote watatu. Ulisema nani ataangalia nyumba, nani atauza, na kwamba mama yangu anahitaji binti, hahitaji wageni. Ulisimama kando ya lori ukampa kaka yako chupa ya maji. Mimi ukanipa kifurushi cha ndagala za mama. "Mwambie azitie chumvi," ulisema. Nikakwambia nitarudi baada ya Pasaka.

Aprili ilipofika, sisi tulikuwa ng'ambo ya Rusumo, upande wa Tanzania. Damasi alikwenda mpakani kila siku, akisimama kando ya barabara, akiwauliza waliovuka kama kuna anayetoka Kabuga. Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalikuchukua, hilo tulilijua tuliporudi mwezi wa nane tukakuta nyumba haina paa. Zaidi ya hilo hatukujua kitu. Tuliuliza. Wengine walikuwa wamehama, wengine wamekufa, na waliobaki walisema hawakuona. Kila mwaka tulienda kwenye kumbukumbu, tukasimama mbele ya majina, la kwako halikuwepo, wala hapakuwa na mahali pa kukuwekea ua.

Tulinunua mahali pengine, tukazaa watoto watatu, tukazeeka. Damasi hakuacha kuuliza. Mimi niliacha, nakiri. Nilichoka kusikia jibu lile lile.

Sasa ile habari. Mwaka huu, kabla ya mvua, bibi mmoja aliyekuwa mgonjwa huko Masaka, jirani na Kabuga, aliomba viongozi wa mtaa waje nyumbani kwake. Hatukuwahi kumjua. Wakati ule nyumba yake ilikuwa kando ya njia na aliona kupitia ufa wa mlango. Alisema ameogopa miaka yote hii, kwanza aliwaogopa waliofanya, baadaye aliogopa kuulizwa kwa nini alinyamaza. Aliwaonyesha mahali, ni shamba la mihogo, na alitaja majina manne. La tatu lilikuwa lako. Alilijua kwa sababu ulilitaja mwenyewe kwa sauti, na la mji wako, na la kaka yako, ili atakayekuwa anasikia asikie.

Alifariki wiki mbili baadaye. Nilikwenda kwenye msiba wake. Damasi hakuweza, nami sikumlazimisha. Niliwasalimu watoto wake, nikakaa na wanawake jikoni, nikamenya viazi. Binti yake mkubwa aliniuliza mimi ni nani. Nilimwambia. Akanishika mikono, kiazi kikiwa bado ndani yake, tukakaa hivyo.

Jumamosi tunakuzika, wewe na wale watatu, kwa heshima, majina yenu yote yakiwa yameandikwa. Damasi ameng'arisha viatu tangu jana. Ananiambia hatalia, na nimeweka leso mbili kwenye mkoba.

Jana mchana nilikwenda ofisi ya sekta, kata ya hapa kwetu, kujaza fomu ya familia. Karani ni binti mdogo, mwenye adabu. Alifika mahali pa uhusiano, akauliza, "Shangazi, marehemu alikuwa nani kwako?"

Nikasema, wifi. Akaandika: mkwe. Nikaiangalia ile karatasi, maana mwisho wake palikuwa na mstari wa kutia sahihi kwamba yote niliyosema ni kweli. Nikamwomba fomu nyingine, nikamwambia aandike: dada.

Pumzika, Vere. Umechoka kungoja, na sisi tumekuchosha kwa kuchelewa.

Ni mimi, mdogo wako,

Konsolata